Mgonjwa wa kiharusi akianza kuzorota wodini

Mshipa wa ubongo ukishaziba, siku 3 za kwanza ni za kukaa macho, hata kama mmeshapata kitanda hospitalini Nairobi. Kila ukifika, mwambie anyooshe mikono yote miwili, viganja juu, huku ukihesabu hadi 10. Mkono uliokaa hewani asubuhi ukishuka jioni, au akawa mzito kuamka, mwite nesi papo hapo. Usiseme amechoka tu.

Apimwe sukari kwanza: ikiwa chini ya 3.3 mmol/L, hiyo hutibika kwa dakika chache. Kisha presha, joto, oksijeni, na skani ya CT (picha ya ndani ya kichwa) irudiwe, maana huenda damu imevuja au ubongo umevimba. Uvimbe hukolea siku ya 2 hadi 5.

Na ule uji wa flaski, tafadhali, usimpe kabla hajapimwa kumeza. Ukiingia mapafuni huleta nimonia.