Jinsi ya kutambulisha jenasi mpya ya samaki wadogo, kuanzia dimbwini hadi kwenye jina

Mvua zikikolea huku Bahi, mkoani Dodoma, madimbwi ya mbugani hujaa, na samaki wadogo huonekana mahali ambapo wakati wa kiangazi palikuwa na udongo mweusi uliopasuka. Wanaojulikana zaidi ni Nothobranchius, ambao mayai yao husubiri mvua ndani ya tope. Ukimpata asiyelingana na jenasi (kundi la spishi ndugu) yoyote iliyokwisha kuelezwa, fuata njia hii.

Hatua ya 1: Kibali. Pata kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kisha jitambulishe kwa uongozi wa kijiji. Wenyeji ndio wanaojua dimbwi lipi huwahi kukauka.

Hatua ya 2: Kuhifadhi. Mpige picha akiwa hai, maana rangi hupotea kwenye dawa. Muue kwa mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na maji, ili asitapetape. Kata kipande cha pezi la kifuani upande wa kulia, ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95. Upande wa kushoto usiuguse, kwa kuwa ndio unaopimwa. Ndipo ije zamu ya formalini, sehemu moja kwa tisa za maji. Usigeuze mpangilio huo: formalini huharibu vinasaba. Kabla ya kumtumbukiza, mlaze juu ya sponji, tandaza mapezi kwa pini nyembamba na uyapake formalini kwa brashi mpaka yakakamae yakiwa wazi. Pezi lililojikunja likikauka hivyo, kuhesabu miiba yake ni mateso. Lebo iandikwe kwa penseli. Baada ya siku chache msuuze, umhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70.

Hatua ya 3: Kupima. Hesabu magamba na miiba ya mapezi chini ya darubini. Pingili za uti wa mgongo zihesabu kwa eksirei.

Hatua ya 4: Je, kweli ni jenasi? Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mimi siikubali jenasi iliyosimama juu ya tofauti peke yake, hata ziwe nyingi. Jenasi ni dai la undugu. Tuseme vinasaba vinamweka samaki wako katikati ya matawi ya Enteromius, jenasi nyingine ya samaki wadogo wa Afrika. Ukimpa jenasi yake, wanaobaki Enteromius hawatakuwa ukoo mmoja kamili: baadhi yao watakuwa ndugu wa karibu zaidi wa samaki wako kuliko wa wenzao. Huyo ni spishi mpya tu, basi. Wala usitegemee jeni za mitokondria pekee. Hizo hurithiwa kwa mama, na spishi zikiwahi kuchanganyika huko nyuma, hupotosha. Ongeza jeni za kiini cha seli, halafu tafuta alama ya mifupa au ya meno inayokubaliana na mti wa undugu unaotokana na vinasaba hivyo.

Hatua ya 5: Jina. Hakikisha halijatumika kwa mnyama mwingine yeyote, hata mdudu. Jina Platypus lilikuwa limeshachukuliwa na mbawakavu, ndiyo maana yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata akaitwa Ornithorhynchus. Taja waziwazi spishi-kielelezo ya jenasi, yaani spishi ambayo jina la jenasi limefungwa kwake. Majina ya jenasi ya baada ya 1930 hayakubaliki bila hiyo. Kama spishi nayo ni mpya, teua holotaipu, yaani samaki mmoja anayebeba jina la spishi, na utaje makumbusho anakohifadhiwa. Makala ikitoka mtandaoni tu, isajili ZooBank, rejista ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na uthibitisho wa usajili uonekane ndani ya makala yenyewe.