Gugu karoti: usisubiri maua ndipo ushike panga

Wafugaji wa Arusha na Arumeru, kosa hili tunaliona kila msimu. Gugu karoti (Parthenium), gugu vamizi lenye majani kama ya karoti, linaachwa mpaka malisho yote yawe meupe kwa maua, ndipo fyekeo linatafutwa. Kulifyeka wakati huo ni kulipanda upya. Kisiki huchipua na kutoa maua chini kabisa, fyekeo lisipofika, na mbegu zilizokomaa hupukutika, zikasafiri na matope ya kwato, viatu na matairi ya trekta. Mche mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 15,000!

Tangu kuota hadi ua la kwanza ni kama wiki 4 hadi 6 tu. Kwa hiyo hesabu yako ianzie kwenye mvua. Masika ikianza, wiki ya 3 uwe malishoni, kisha urudi kila baada ya wiki 2 hadi mvua ikatike. Vuli nayo hivyo hivyo. Kupita mara moja na kurudi nyumbani ukijisifu ni kupoteza nguvu.

Ng'oa ardhi ikiwa imelowa, mche ukiwa bado umetandaza majani chini kama sahani. Shika pale majani yanapoungana na mzizi, vuta wima, polepole. Ukisikia umekatika, chimbua kwa jembe: kichwa cha mzizi kikibaki, kitachipua. Vaa glovu, mikono mirefu na barakoa, maana gugu hili huleta upele na pumu. Watoto wasitumwe kazi hii, tafadhali.

Lililokwisha kutoa maua livishe mfuko kwanza, ndipo ulivute, kisha lichomwe papo hapo. Usilitupe kwenye lundo la samadi wala usimpe ng'ombe. Maziwa hubadilika ladha.

Sasa pengo linalobaki ulipong'oa. Gugu hili hushinda pale nyasi zilipoliwa hadi udongo ukaonekana: ng'ombe hulikwepa, nalo hutoa kemikali zinazozuia nyasi kuota. Ukiacha pengo wazi, umelikaribisha tena. Udongo ukiwa bado na unyevu, panda nyasi za Rhodes (aina ya nyasi za malisho), kilo 3 hadi 4 kwa ekari, mbegu zifunikwe kwa udongo usiozidi sentimita 1. Buruta tawi la mti juu yake, inatosha. Wengi huzifukia kwa jembe, hazioti, kisha lawama anabebeshwa muuza mbegu.

Mifugo isiingie mpaka ukivuta nyasi kwa mkono zising'oke. Zikibaki sentimita 10, watoe.

Nyasi zikifunga ardhi, miche mipya hupungua. Endelea kukagua hata hivyo, kwani mbegu hukaa hai udongoni kwa miaka.