Kazi ya Rimoti Ukiwa Bongo: Cheki Haya Kabla Hujasaini

Kazi ya rimoti, yaani unamfanyia kazi bosi wa nje ukiwa nyumbani kwako, faida yake ya kukwepa foleni ya Mbagala au Kimara sina ubishi nayo, unaokoa masaa, nauli na hela ya mama ntilie. Ila kabla hujasema ndio anza na saa.

Bosi akiwa New York, saa tatu yake asubuhi kwako ni saa kumi na moja jioni, akitoka kazini kwako ni saa saba usiku. Halafu wenzetu wanabadilisha saa, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba inarudi saa kumi jioni na sisi huku hatugusi kitu, kwa hiyo weka mji wake kwenye kalenda ya simu, usipige hesabu kichwani. London afadhali, masaa mawili matatu tu unalala kama binadamu. Muulize bosi mapema, lazima niwe hewani muda wenu wote au nikabidhi kazi tu mkiamka mnaikuta?

Umeme ukikatika laptop ina betri, kinachozima ni ruta ya intaneti, so tafuta UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta. Weka na laini mbili za kampuni tofauti, japo Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika hata wenye laini tatu walisota, ndo maana mafaili ya kazi uwe nayo kwenye mashine sio mtandaoni tu.

Nyumbani sasa, hapa ndo pagumu kuliko umeme. Mtu aliyekaa na laptop sebuleni kwa bi mkubwa hayuko kazini, atatumwa gesi, atapokea wageni, atashika mtoto. Usigombane naye, mpe masaa: "Mama, kuanzia saa kumi mpaka saa nne usiku niko kazini, nikitoka nitume popote." Na kweli ukitoka uende, la sivyo kesho hakusikilizi.

Hela nayo: ukiwa kontrakta wa kampuni ya nje (unalipwa kwa mkataba, sio mwajiriwa wao), mara nyingi hakuna wa kukuchangia NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wala bima. Ajira ya kawaida mchango ni asilimia 20 ya mshahara mnagawana na mwajiri, huku unabeba mwenyewe, toa hiyo kwanza, toa bima na bando ndo ulinganishe na mshahara wa ofisini. NSSF wanapokea wachangiaji wa hiari, jiandikishe mwezi wa kwanza kabla dola hazijazoea mfuko.