Namna ya kuandaa sauti ya tamasha la uwanjani katika Nyanda za Juu Kusini

Mtu aliyelipa kiingilio akasimama nyuma kabisa, karibu na goli la upande wa pili, ana haki ya kuyasikia maneno ya wimbo sawasawa na yule aliyeegemea uzio mbele ya jukwaa. Waandaaji wengi huku kwetu hudhani kwamba haki hiyo hutimizwa kwa kukodi spika nyingi zaidi na kupandisha sauti. Hata hivyo, katika uwanja wa wazi kama Sokoine wa Mbeya au Samora wa Iringa, kinachoharibu muziki mara nyingi si upungufu wa nguvu, bali ni sauti ileile kumfikia msikilizaji kwa nyakati tofauti na kutoka pande tofauti.

Nenda uwanjani mapema, kabla ya kukodi chochote. Simama mahali jukwaa linapotarajiwa kujengwa, piga kofi moja kali, kisha usikilize. Ukuta au ngazi za zege zilizo umbali wa mita 60 zitakurudishia kofi hilo baada ya takriban theluthi moja ya sekunde, na hivyo ndivyo silabi moja ya mwimbaji itakavyoiangukia silabi inayofuata. Geuka kidogo, piga tena, mpaka uupate upande ambao kofi linapotea bila kurudi. Jukwaa litazame huko. Spika zipandishwe juu ya vichwa vya watu, kisha ziinamishwe ziwaelekee watu wenyewe, kwa sababu miili na mavazi humeza sauti, ilhali zege tupu huirudisha. Kuzipandisha kuna faida nyingine: kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya spika ya kawaida hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo spika iliyowekwa chini humuumiza aliye mita 4 kutoka kwake wakati aliye mita 64 anapokea sauti iliyopungua kwa desibeli 24.

Uwanja ukiwa mrefu, weka jozi ya pili ya spika katikati, lakini usiiwashe kabla ya kuichelewesha sauti yake. Niliwahi kulipuuza jambo hilo katika tamasha la kwaya mjini Iringa. Mama mmoja mtu mzima alinifuata kwenye miksa, meza ya kuchanganyia sauti, akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona kwaya inajiitikia yenyewe?" Alikuwa ameeleza kosa langu vizuri kuliko kitabu chochote. Sauti ilikuwa ikipita kwenye waya na kutoka katika spika za katikati papo hapo, wakati ile ya jukwaani ilikuwa bado njiani hewani.

Hesabu yake si ngumu. Kasi ya sauti katika nyuzi 0 za Selsiasi ni takriban mita 331 kwa sekunde, na huongezeka kwa mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Usiku wa Julai hapa Mbeya, hewa ikiwa na nyuzi 12, sauti huenda karibu mita 338 kwa sekunde, kwa hiyo spika zilizo mita 60 kutoka jukwaani zicheleweshwe kwa milisekunde 177. Ongeza nyingine 10 hadi 15. Helmut Haas, mtafiti wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1949 kwamba sikio huhesabu kuwa sauti imetoka kwenye chanzo ambacho sauti yake ilitangulia kufika. Nyongeza hiyo ndogo humfanya msikilizaji aamini kwamba anamsikia mwimbaji aliye jukwaani, wala si spika iliyo karibu naye. Wapo wanaosema mwinuko wetu wa mita 1,700 ndio unaobadilisha kasi ya sauti. Si kweli, ni baridi.

Mwinuko una madhara yake kwenye jenereta. Ile isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini, hupoteza takriban asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo iliyoandikwa kilovolti-ampea 20 inaweza kukupa kama 16 tu. Besi ikipigwa kwa nguvu, umeme huyumba na spika huanza kukoroma, na fundi hulaumiwa bure.

Majaribio ya saa tisa alasiri yasikudanganye. Mchana, ardhi iliyopashwa na jua hupasha hewa ya chini, na sauti hupinda kwenda juu, ikiwapita watu wa nyuma. Jua likishazama na upepo ukatulia, baridi hutanda chini kwanza, nayo sauti hupinda kurudi ardhini na kufika mbali kuliko ulivyopima, hadi kwenye nyumba za miteremko ya Mlima Loleza. Kwa sababu hiyo pima tena saa moja usiku, na uwe tayari kupunguza.

Kwaya zinahitaji uangalifu wa pekee kwenye maiki. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za sauti unayoweza kupandisha kabla ya spika kuanza kupiga miluzi, kwa hiyo maiki nne zilizowekwa vizuri ni bora kuliko kumi na mbili. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya maiki na mdomo. Mwimbaji pekee ashike mpini, asiufunike wavu kwa kiganja.

Kuhusu ukubwa wa sauti, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kikomo cha desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15. Kipimo hicho kinatosha kabisa kwa furaha ya watu.

Kabla ya milango kufunguliwa, mpe mtu karatasi yenye majina ya vijiji usiyoyajua, ayasome kwenye maiki huku wewe ukitembea kutoka mbele hadi goli la mwisho ukiyaandika. Pale utakapokosea jina, simama. Mwambie aliye kwenye miksa apunguze besi kwanza, arudie jina lilelile, na usisogee hapo mpaka uliandike sawasawa.