Kuchagua pawabenki ya GPS ya mkononi kwa kazi za ziwani

Anayekwenda kupima mialo ya Ukerewe au mipaka ya mashamba kule Sengerema huingia dukani na swali moja: hii ina mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayohifadhiwa) ngapi? Kwa simu swali hilo linatosha. Kwa GPS, kifaa cha kujua mahali ulipo kwa satelaiti, linapotosha, maana GPS hula umeme kidogo mno, na pawabenki nyingi zikikuta mzigo mdogo kiasi hicho huchukulia kuwa simu imejaa, zinajizima.

Hesabu yake ni hii. GPS aina ya Garmin GPSMAP 64s hukaa hadi saa 16 kwa betri 2 za AA, zile ndogo za tochi. Zikiwa NiMH (AA za kuchajiwa upya) za mAh 2,000, jumla yake ni wati-saa 4.8. Gawanya kwa 16 upate wati 0.3, yaani kama miliampea 60 kwenye volti 5 za USB. eTrex 10, nayo ya Garmin, inayokaa hadi saa 25, hula pungufu ya hapo. Pawabenki nyingi hujizima mzigo ukishuka chini ya miliampea 50 hadi 100. Ndiyo maana utaona yote iko sawa wakati kioo kinawaka, halafu mwanga wa kioo ukizimika, chaji nayo inakata. Baadhi ya GPS hapo huhamia kimyakimya kwenye AA zilizomo ndani. Nyingine huuliza kwenye kioo, na usipojibu ndani ya sekunde chache zinajizima, njia uliyokuwa unarekodi ikakatikia katikati ya maji.

Kwa hiyo tafuta kwanza pawabenki yenye hali ya umeme mdogo, ile ya kuchajia saa na vifaa vya masikioni. Kwenye aina kadhaa za Xiaomi na Anker unabonyeza kitufe mara mbili, na taa yake hubadilika kuonyesha imeingia. Angalizo: kwa Xiaomi hali hiyo hudumu saa 2 tu, kisha ubonyeze tena. Kama ulishanunua isiyo na hali hiyo, chomeka kijitaa cha USB kwenye tundu la pili ili mzigo uongezeke. Kinaweza kula kuliko GPS yenyewe, lakini pawabenki haitalala. Fundi simu pia anaweza kukuungia rizista ya omu 47 yenye uwezo wa wati 1 kati ya chanya na hasi za plagi ya USB: inavuta kama miliampea 106. Itapata joto, kwa hiyo isigusane na plastiki laini.

Ukubwa ni jambo dogo. Pawabenki ya mAh 10,000 ni wati-saa 37, kwa sababu hizo mAh huhesabiwa kwenye volti 3.7 za seli. Ukipandisha hadi volti 5 na kutoa upotevu, tegemea kama mAh 6,000. Hata ukikata nusu ya hapo, maana saketi yake nayo hula, bado GPS inakwenda siku nzima na zaidi. Ya 30,000 ni mzigo wa bure, labda kama unachajia simu za timu nzima. Inayodai 10,000 lakini ni nyepesi kama kiberiti iache hukohuko dukani.

Na kwa kweli, kama GPS yako ni ya AA na kazi ni ya siku 2 au 3, NiMH 8 zilizojaa zinashinda pawabenki: hakuna waya, hakuna kujizima. Kumbuka tu kuchagua NiMH kwenye mipangilio ya aina ya betri, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Usitegemee pia kwamba waya wa USB utazichaji AA za kawaida zikiwa ndani. Waya huo unaiendesha GPS tu. Pawabenki inang'ara zaidi kwa GPS zenye betri ya ndani, kama GPSMAP 66i na 67: hizo zikichaji huvuta umeme wa kutosha, hivyo unazijaza usiku ukiwa umepiga kambi.

Kama boti ina betri ya volti 12, adapta ya USB ya gari ni suluhisho zuri, kwa kuwa kwa kawaida haijizimi. Betri ya risasi ya Ah (ampea-saa) 7 ni wati-saa 84. Tumia nusu tu isije ikafa mapema. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na ncha ya chanya, na usiunge volti 12 moja kwa moja kwenye tundu la GPS hata kwa dakika moja. Adapta za bei rahisi hutoa kelele ya redio, basi ziweke mbali kidogo na antena. Pawabenki nayo usiibane kwenye GPS yenye dira ya kielektroniki; mwelekeo utayumba.

Kosa linaloua vifaa vingi ziwani ni tundu. GPS inahimili maji kifuniko cha mpira kikiwa kimefungwa. Ukishachomeka waya, kifuniko kiko wazi, na wimbi moja kutoka Kayenze linatosha. Ziwani chaji ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, au subiri ufike nchi kavu. Kopo hilo lisikae juani: seli za lithiamu hazipendi kuchajiwa zaidi ya nyuzi 45.

Waya wa mini-USB, unaotumiwa na 64s na eTrex za zamani, umeadimika madukani, kwa hiyo beba miwili. GPS ikionyesha picha ya kompyuta badala ya ramani, nenda kwenye mipangilio ya kiunganishi na uchague Garmin Spanner. Kabla ya kuvuka na kivuko, iache GPS usiku mzima nyumbani kwenye pawabenki ikirekodi, kioo kimezimwa, AA zimetolewa. Asubuhi ukiikuta imezimika, pawabenki hiyo ni ya simu.