Kibali cha banda dogo la kubanikia samaki: anza na futi kamba, ramani baadaye

Banda la kubanikia samaki ni jengo dogo: vyumba vitatu, tanuri moja, bomba la moshi, na karo la maji machafu nje. Udogo huo ndio unaowaponza wengi kando ya ziwa hapa Mwanza. Mtu anaona ni banda tu, anaita fundi, anamwaga zege, na kabla hajaezeka anakuta X nyekundu ukutani. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 haijali jengo lina vyumba vingapi. Inachotaka ni kwamba ardhi iliyo ndani ya eneo la mpango isiendelezwe bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Tena banda hili lina mambo matatu ambayo nyumba ya kuishi ya ukubwa huohuo haina: moto unaowaka saa nyingi, moshi unaokwenda kwa jirani, na maji yenye damu na mafuta ya samaki. Kila ofisa atakayeshika faili lako atakuwa anatafuta mojawapo ya hayo.

Mfano tutakaoutumia hapa ni banda la mita 12 kwa 4, yaani mita za mraba 48, linalobanika kilo 200 za samaki wabichi kwa siku.

Mita 60 kutoka majini

Kabla ya kumlipa mchoraji hata shilingi moja, nenda kiwanjani na futi kamba. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inalinda ukanda huohuo. Pima kwa usawa, usilaze kamba ikifuata mteremko. Kwenye miamba na vilima vya Mwanza tofauti ya vipimo hivyo viwili inaweza kufika mita kadhaa, na mpimaji wa halmashauri atatumia kile cha usawa.

Usianzie pale maji yalipo leo. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na majengo yaliyoonekana yako mbali yakaingiliwa na maji. Uliza wazee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka ule, tafuta alama kwenye mawe na miti, kisha anza kupima hapo. Ukipata mita 62 kutoka alama hiyo, sogeza banda mpaka 70 kama kiwanja kinaruhusu. Mita nane ni nafuu kuliko kubomoa.

Wapo wanaoshauri ujenge kwa mbao na mabati ili liitwe la muda. Ushauri huo ni mbaya. Tanuri la matofali lenye msingi wa zege ni kitu cha kudumu hata kama paa ni turubai. Ukitaka kufanyia kazi karibu kabisa na maji, njia halali ni kuomba nafasi ndani ya mwalo rasmi kupitia afisa uvuvi na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) ya hapo. Jengo lako binafsi likae nyuma ya mstari.

Ardhi ni ya nani, na imepangiwa nini

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, kwa hiyo papewe muda kuliko hatua nyingine zote.

Kwanza jua ofisi yako. Kirumba, Igombe, Kayenze na Sangabuye ziko Manispaa ya Ilemela. Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Luchelele ziko Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Watu hupeleka faili la Igombe Jijini kwa sababu tu wanajiita wakazi wa Mwanza, wakapoteza wiki. Ukiwa Ukerewe, Sengerema au Buchosa kwenye ardhi ya kijiji, mlango wako wa kwanza ni halmashauri ya kijiji kupitia mtendaji wake, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Omba muhtasari wa kikao uliosainiwa na kugongwa mhuri. Neno la mdomo la mwenyekiti halitoshi, maana uongozi hubadilika.

Pili, jina. Hati, kitambulisho cha NIDA na fomu ya maombi lazima visome jina lilelile. Kiwanja kikiwa bado kina jina la marehemu babu, malizeni mirathi kwanza: msimamizi aliyethibitishwa na mahakama ndiye mwenye uwezo wa kuomba au kuhamisha. Barua ya wanandugu waliokubaliana nyumbani, hata ikiwa na saini kumi, haimpi ofisa nguvu ya kuidhinisha. Kama ulinunua kwa mkataba wa serikali ya mtaa na eneo halijapimwa, nenda kwa afisa ardhi uulize kama lina mchoro wa mipangomiji. Likiwa nao, urasimishaji na upimaji vitangulie.

Tatu, matumizi. Hati ikisema makazi, kubanika samaki kwa biashara hakumo humo. Unaomba mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwa afisa mipangomiji, ombi linatangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga, na ndipo linaamuliwa. Nenda kwa majirani wewe mwenyewe kabla tangazo halijabandikwa. Waeleze moshi utatokea saa ngapi na bomba litakuwa refu kiasi gani. Pingamizi la jirani aliyeshtukizwa ni gumu kuliko la jirani aliyeshauriwa mapema.

Wengine hukwepa hatua hii kwa kuandika "stoo" kwenye ramani. Mkaguzi wa majengo akija na kukuta tanuri, kibali cha stoo hakikulindi, na faili lako linaanza kusomwa kwa mashaka tangu siku hiyo.

Ramani inayojibu maswali

Halmashauri nyingi hutaka seti tatu za michoro ya jengo. Michoro ya vyuma huhitajika kwa ghorofa, na banda letu halina. Kila seti ionyeshe namba na eneo la kiwanja, jina la mmiliki, jina na sifa za mchoraji, ukubwa wa jengo, asilimia ya kiwanja itakayofunikwa, umbali kutoka kila mpaka, matumizi, na maji machafu yanakokwenda. Ongeza mambo mawili ambayo wachoraji wa nyumba husahau: mstari wa mita 60, na mshale wa upepo.

Upepo una kanuni yake hapa. Mchana unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Ukibanika mchana, moshi utawafuata walio upande wa juu, mbali na maji. Kwa hiyo tanuri likae upande wa kiwanja usio na nyumba kwa nyuma yake, na bomba lipande angalau mita moja juu ya kilele cha paa. Bomba fupi linarudisha moshi chini ya paa, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia.

Vyumba vifuate safari ya samaki: kupokea na kuosha (mita 3 kwa 4), kubanika (mita 6 kwa 4), kupoza na kufungasha (mita 3 kwa 4). Mbichi waingie mlango mmoja, waliokauka watokee mwingine. Njia hizo zikikutana, afisa afya atairudisha ramani, naye ana haki: maji ya samaki mbichi yakimgusa aliyekwisha kubanikwa, kazi ya moto imepotea.

Tanuri la aina ya Chorkor, lililoanzia Ghana, linafaa sana hapa. Ni boksi la matofali lenye urefu mara mbili ya upana, ukuta katikati, na midomo miwili ya kuni kwa mbele. Chora la mita 2 kwa 1, kimo sentimita 60, na juu yake marundo mawili ya chanja (trei za kulazia samaki) za mita 1 kwa 1, chanja kumi zilizopandana kila rundo. Kila chanja ikibeba kilo 10 unapata kilo 200. Mbele ya midomo acha nafasi ya mita 1.5, maana mtu anayevuta chanja ya chini kuipandisha juu anahitaji kurudi nyuma bila kugonga ukuta.

Juu ya tanuri chora kofia la bati kwenye kimo cha mita 2.1, lizidi tanuri kwa sentimita 20 kila upande, lenye bomba la kipenyo cha sentimita 30. Paa la chumba hiki libebwe na kenchi za chuma. Mbao zinaweza kutumika vyumba vingine, lakini zisikaribie bomba chini ya sentimita 50. Sangara mnono hudondosha mafuta motoni, na miali hupanda ghafla. Stoo ya kuni iwe jengo la pembeni, mita 3 au zaidi. Weka mtungi wa kuzimia moto, wa poda, kilo 9, karibu na mlango wa kutokea, pamoja na ndoo mbili za mchanga. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakiona hayo yamechorwa, mazungumzo huwa mafupi. Andika pia maneno "usizime moto wa mafuta kwa maji" mahali pa kubandikwa ukutani.

Sakafu iwe ya zege laini, iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji, na pembe kati ya sakafu na ukuta ziviringwe ili uchafu usigande. Madirisha yawe na wavu wa nzi.

Maji machafu, na mwamba ulio chini

Kadiria lita 5 za kuoshea kwa kila kilo: kilo 200 ni lita 1,000 kwa siku. Zikitoka ndani ya saa mbili, ni lita 500 kwa saa, kwa hiyo karo la kunasa mafuta liwe na ujazo wa lita 250 hadi 300 ili maji yatulie nusu saa. Baada yake, karo kubwa lenye kina cha maji cha mita 1.5, urefu mita 2 na upana mita 1, linabeba lita 3,000, yaani maji ya siku tatu. Mwisho ni shimo la kunyonya.

Shimo hilo ndilo linalofeli Mwanza. Juu vilimani kwenye udongo wa luseni, yaani wa kichanga, maji huzama vizuri, ila mita moja chini unakuta jiwe. Bondeni kwenye mbuga, udongo mweusi haunyonyi kabisa wakati wa mvua. Pima kabla ya kuchora: chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina 60, kijaze maji, kiache kilale. Asubuhi weka maji ya sentimita 15 na pima yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usichore shimo la kunyonya hapo. Uliza Mwauwasa, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama bomba la majitaka linafika eneo lako. Lisipofika, chora karo lisilovuja la kunyonywa na gari na uonyeshe njia ya gari kulifikia. Shimo likae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote.

Ukitaka kuvuta maji ziwani kwa pampu, kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, na wao pia ndio wa kibali cha kutiririsha majitaka yaliyosafishwa. Kwa lita 1,000 kwa siku, maji ya bomba hupunguza makaratasi mengi.

Upande wa mazingira, anza na afisa mazingira wa halmashauri. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005, zilizorekebishwa 2018, zinagawa miradi katika makundi, na mradi mdogo hauwekwi fungu moja na kiwanda cha minofu. Omba jibu la maandishi kuhusu kundi lako, NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira) ikihusika au isipohusika. Karatasi hiyo itaulizwa tena.

Kupeleka maombi

Maombi hupelekwa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ambako unajisajili kwa namba ya NIDA. Andaa hivi kabla hujakaa kwenye kompyuta:

- barua ya maombi inayosema wazi "banda la kubanikia samaki kwa moshi"
- hati au uthibitisho mwingine wa umiliki
- idhini ya mabadiliko ya matumizi, kama ilihitajika
- stakabadhi za pango la ardhi zisizo na deni
- michoro, pamoja na matokeo ya kipimo cha unyonyaji
- barua ya afisa mazingira

Ada inalipwa kwa kontroli namba pekee. Anayeomba pesa mkononi ili "kusukuma faili" hana cha kukupa ambacho mfumo utakitambua. Faili likirudishwa na maoni, jibu kila hoja kwa namba yake na uweke alama sehemu ya mchoro iliyobadilika. Ramani mpya isiyoeleza mabadiliko husomwa upya tangu mwanzo.

Ujenzi wenyewe

Kibali kina tarehe ya mwisho na masharti nyuma yake, yasome. Nakala moja iliyogongwa mhuri ikae kiwanjani muda wote. Mwite mkaguzi msingi ukiwa wazi, kabla ya zege, kisha kabla ya kufukia makaro. Fundi atakwambia mkaguzi atakuja tu, tumwage. Usikubali: karo lililofukiwa bila kuonwa linaweza kuamriwa lichimbuliwe. Piga picha zenye futi kamba ndani yake kwa kila hatua.

Ukibadilisha chochote katikati ya kazi, hata kuhamisha bomba mita moja, peleka mchoro wa marekebisho kabla ya kujenga.

Jengo likikamilika, omba ukaguzi wa mwisho na kibali cha kulitumia. Usiache tanuri likauke siku ya ukaguzi: lipe wiki mbili bila moto, kisha moto mdogo wa saa moja kwa siku tatu, ukiongeza taratibu. Tanuri bichi likipigwa moto mkubwa hupasuka ukuta wa katikati, na mkaguzi akiona ufa atataka urekebishwe kwanza. Ukishika kibali hicho cha kulitumia jengo ndipo uende kwa afisa uvuvi na ofisi ya biashara kwa leseni, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kusajili mahali pa kazi.