Trekta kuukuu la bustani: ya kuzingatia kabla hujaliwasha, hasa sisi wa Tanga

Nianze na ujinga wangu mwenyewe msije mkaniona fundi sana. Trekta langu la kwanza la bustani, Wheel Horse ya Kimarekani ya miaka ya 70 yenye injini ya Kohler farasi 12, nililipata kwa jamaa aliyekuwa anahama, limekaa chini ya mwembe miaka sijui mingapi, nikalileta nyumbani Sahare kwa kirikuu, nikamwaga oili ya zamani, nikaweka mpya, petroli mpya, betri ya kuazima, likawaka. Aisee nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nikafyeka majani dakika kama arobaini hivi, mara likaanza kuishiwa nguvu, likatoa harufu ya chuma kinachoungua, likazima kimoja, na nilipojaribu kulizungusha kwa mkono likagoma kabisa. Kuja kufungua lile bati linalofunika silinda, kumbe nyigu wale wanaojenga kwa udongo walishahamia humo zamani, wamejaza nyumba zao kwenye mapezi yote ya silinda (yale mabati membamba ya nje yanayotoa joto), udongo mkavu kama tofali, hata njiti ya kiberiti haipenyi.

Injini hizi hazina rejeta wala maji. Zinapozwa na upepo tu, lile gurudumu zito la injini (flaiwili) lina mapanga yanayosukuma hewa chini ya bati ipite kwenye mapezi, sasa njia ikiziba ndo hivo, pistoni inavimba inang'ang'ania silinda. Hela niliyotoa kwa fundi wa kukereza pamoja na pistoni ya ovasaizi (kubwa kidogo kuliko ya awali) ilizidi bei niliyonunulia trekta zima. Kwa hiyo kama utasoma hapa ukachoka ukaondoka, ondoka na hili: fungua bati kabla hujaweka hata betri. Ni bolti chache. Chokonoa, piga brashi ya waya, puliza kwa kompresa, halafu likishaanza kazi fungua tena kila baada ya muda, maana vumbi na nyasi kavu nazo zinaziba vile vile. Na ukifyeka usipunguze moto ukidhani unaihurumia injini, mapanga yanategemea mzunguko wa injini, ukipunguza unaipunguzia upepo wakati kazi ni ile ile. Fyeka kwa moto wa juu, tembea kwa gia ndogo.

Haya, turudi nyuma kidogo, kabla hata hujanunua. Jiulize uwanja wako una kazi gani. Hivi vitrekta vilitengenezwa kwa kukata ukoka, kuvuta tela dogo na kusukuma udongo kidogo, si vya kulima ekari za mahindi Muheza. Mtu anaona gurudumu la nyuma limenona anadhani amepata Massey Ferguson, anafunga jembe la plau kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, wiki ya pili giaboksi inalia. Mimi kazi yangu ni kufyeka, kubeba makuti na mabua kwenda shimoni na kuvuta madumu ya maji siku bomba likikatika, na kwa kazi hizo wala sijuti. Kama kiwanja chako ni cha hatua ishirini kwa ishirini, mwite kijana wa fyekeo umlipe maisha yaendelee.

Suala la spana watu wanalipuuza mpaka waing'oe bolti kichwa. Matrekta ya Marekani ya enzi hizo ni ya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 unayoipenda itaingia, itacheza kidogo, na kwenye bolti yenye kutu itateleza iile kona zote. 9/16 nayo ni milimita 14.29, hapo 14 haiingii na 15 inazunguka bure. Tafuta seti ya inchi kabla hujagusa kitu. Hapa Tanga ukienda Ngamiani ukauliza wazee waliopita kwenye makarakana ya mashamba ya mkonge utakuta mtu ana sanduku zima la spana za inchi, maana mitambo ya kule mingi ilikuwa ya kizamani, na mzee mwenyewe atakuonesha bolti ya kulegeza kwa joto na ya kulegeza kwa subira. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja hivi: unaloweka dawa ya kutu jioni, unagonga kichwa cha bolti kidogo kwa nyundo, unakwenda kulala. Asubuhi unarudia. Nilimwambia, "Mzee wangu, hii si itachukua wiki?" Akanijibu, "Kwani hilo trekta linakwenda harusini?"

Kutu yenyewe kwetu ni habari nyingine. Ukiwa karibu na bahari kama Sahare au Raskazone upepo una chumvi, na kinachoumia kwanza si bodi unayoiona, ni viungio vya umeme. Kabla hujasema stata imekufa au koili imekufa, fungua waya wa eath (ule wa betri unaorudisha umeme kupitia bodi) pale unaposhikia kwenye chasisi, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga. Fanya hivo kwa kila kichwa cha waya. Nusu ya "mbovu" nilizowahi kuitiwa na majirani zilikuwa ni eath tu. Platini, ile swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa cheche ya plagi, nazo zinafanya ukungu mweupe ukilala na trekta masika nzima bila kuliwasha, zipitishe msasa laini sana, futa kwa kitambaa kikavu, halafu pima nafasi kwa fila (vile vibati vyembamba vya kupimia), kwenye Kohler hizi ni milimita 0.5 zikiwa zimefunguka kabisa. Kuna wanaokwangua platini kwa tupa, hao waacheni na Mungu wao.

Tangi la petroli likiwa na kutu ndani litakutesa kuliko yote maana utasafisha kabureta leo na kesho imeziba tena. Ling'oe, mwaga kila kitu, osha kwa sabuni mara mbili tatu, tia siki na kipande cha mnyororo mwembamba, tikisa, acha lilale, tikisa tena kesho. Siki ikishatoka nyeusi mwaga, suuza kwa maji ya magadi ili asidi iliyobaki ife, kausha juani siku hiyo hiyo kabla kutu haijarudi. Likiwa limetoboka usimpe mtu wa kuchomelea hata akikuapia kwamba amelizoea, tangi tupu lenye mvuke wa petroli linalipuka vibaya kuliko lililojaa. Na kabureta usitoboe vijitundu vyake kwa sindano au kichokonoo cha chuma, ukivipanua kidogo tu mchanganyiko unaharibika na huwezi kurudisha. Puliza kwa hewa, loweka, puliza tena.

Kuna mtego mmoja umewapa watu hasara, wa kampresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Fundi wa pikipiki anakuja na geji yake, anapima Kohler, inasoma chini, anatikisa kichwa anakwambia ringi zimekwisha tubomoe. Kumbe injini nyingi za aina hii zina kifaa kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili stata isipate shida, kwa hiyo geji lazima isome chini hata injini ikiwa nzima kabisa. Angalia mambo mengine kwanza: inatoa moshi wa bluu? inakula oili? inapumua sana kwenye briza (tundu la kupumulia la injini)? Kama hapana, mwambie fundi anywe chai aende.

Oili ni namba 30 kwa joto letu hili, na ikague kila ukiwasha, sio kila wiki. Kwenye hizi hakuna pampu ya oili, kuna kijiko kidogo chini ya koneki rodi (mkono unaoshika pistoni) kinachochota na kurusha, oili ikipungua au ukipanda mteremko mkali kijiko kinachota hewa. Huko mlimani Lushoto ndugu zangu mtanisamehe, hili si la kwenu.

Chini kwenye deki ya visu, lile bakuli la bati linalofunika visu vya kufyekea, ndo nilipopata raha, kwa sababu beringi haina uzalendo. Futa tope usome namba ubavuni, kama imeandikwa 6204 basi shimo lake ni milimita 20, nje 47, unene 14, iwe Tanga iwe Chicago, nenda duka lolote la beringi useme namba na uombe yenye mpira pande zote mbili kwa ajili ya vumbi. Mikanda nayo nilikuwa naichukua kwa wauza vipuri vya mashine za kusaga, unapeleka wa zamani wanapima upana na urefu, inafanya kazi ila sidanganyi, kwenye Wheel Horse mkanda ndo klachi yenyewe, ule wa kusaga unashika ghafla trekta linaruka kama mbuzi na wenyewe haudumu. Uchukue kama wa kusukumia siku.

Visu vinoe, halafu vining'inize kwenye msumari kwa tundu la katikati, upande unaoshuka ni mzito, unoe tena kidogo mpaka kikae sawa. Kabla hujatia mkono chini ya deki chomoa waya wa plagi uusukume mbali, hata kama injini imezima, hata kama ufunguo uko mfukoni mwako, kwa sababu ukizungusha kisu kwa mkono unaweza kuzungusha injini nayo.

Na uwanja, jamani, uwanja uutembee kwa miguu kwanza. Udongo wetu wa pwani una mawe ya matumbawe yamejificha kwenye nyasi, yana ncha, halafu kuna vifuu, visiki vya mikorosho, waya za kuanikia nguo. Viwango vya Marekani vinaruhusu ncha ya kisu kufika futi 19,000 kwa dakika, piga hesabu ni kama kilometa 347 kwa saa, sasa kitu kama hicho kikigonga jiwe. Langu lilirusha tumbawe la ukubwa wa kitumbua, likapita juu ya ua wa makuti, likatoboa beseni la bibi jirani akiwa hatua tatu tu kutoka lilipo, ameinamia kuosha dagaa. Nilikwenda kwa magoti. "Shikamoo bibi, nisamehe." Akaniangalia, akaangalia beseni, akasema, "Marahaba. Mjukuu wangu, ungetaka kuniua si ungesema nikajiandaa?" Nililipa mabeseni mawili, na tangu siku hiyo bati la pembeni la deki halitoki, na watoto wote wanaingizwa ndani kabla sijawasha. Wakiomba lifti nawavuta kwenye tela siku deki imefunguliwa kabisa, tena gia ya kwanza. Mengi ya zamani hayana hata swichi ya kiti, ukishuka visu vinaendelea tu. Breki zijaribu mahali tambarare kabla ya kingine chochote, na usiliwashe ndani ya banda lililofungwa, ule moshi una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya.

Likishamaliza kazi osha deki chini maana majani mabichi yanakula bati, paka oili chakavu, na usilifunike kwa turubai la plastiki mpaka chini, jasho linabaki ndani linalea kutu. Paa la makuti lenye upepo linatosha. Zuia bomba la ekzosi kwa kitambaa, kwa ajili ya wale nyigu, na funga kitambaa chekundu kwenye usukani usije ukasahau kutoa kile cha ekzosi.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, hata usinunue mpaka limefanya kazi mwezi mzima bila kuvuja. Langu huu mwaka wa tatu boneti bado ina kutu na alama za msasa, kila nikipita na tela la makuti bibi ananisimamisha pale uani: "Mjukuu, hilo gari lako utalivisha nguo lini?" Namwambia masika ikiisha, bibi. Hajaniuliza masika ipi.